Redio Iliyolala Siku Tatu

Mpendwa mshauri, naomba msaada wa redio. Mengine nitayasema nikiona yanafaa.

Barua hii naiandika kwa mkono wangu. Nilisoma ngumbaru, darasa la watu wazima, mbele ya watu walionicheka na nikafaulu kuwashinda, kwa hiyo ukikuta herufi imekwenda upande usicheke na wewe, soma tu. Majina ya watu nimeyageuza na kijiji sikitaji, ni huku upande wa Iringa, njia ya kwenda Ruaha kwenye wanyama. Maneno ya watu sikuyageuza.

Redio hii alininunulia mwanangu Joachim, aliyekuwa anafanya kazi ya reli Mbeya na kukaa Ilomba na mke wake Roza na watoto wao wawili, akaileta mwenyewe mwaka juzi ikiwa ndani ya boksi, ya betri nne, ina mkanda wa ngozi wa kubebea, na kabla hajaondoka alinikalisha chini kama mimi ndiye mtoto akaniambia, "Mama, redio ni kama mtu, ukiichosha itakulalia katikati ya habari. Mchana iache ipumzike, jioni uiwashe. Betri zikichoka zitoe uzianike juani, zitapata nguvu kidogo." Akachora kwa kalamu ndani ya mfuniko, kichwa cha betri kiangalie huku, kitako kiangalie kule. Mimi neno la mwanangu nililishika kuliko la padri, na padri anajua.

Mwaka wa kwanza redio ilisema vizuri. Jioni watu walikuja kukaa barazani kwangu kusikia habari na ngoma, na aliyekuja na maneno mengi nilimrudisha kwake. Kisha wakati wa baridi ya mwaka jana redio ikaanza tabia ya kulala yenyewe. Unaiwasha inasema kwa nguvu, mara sauti inashuka kama mtu anayeondoka anaongea, halafu kimya. Ukiiacha kidogo inaamka tena. Ukiipiga kofi mgongoni inaamka, siku nyingine mtu anafunga mlango tu inaamka bila kuombwa. Siku moja ililala msomaji amesema "na sasa", mpaka leo sijui na sasa nini.

Dukani kwetu betri hakuna. Chumvi yenyewe inakuja siku moja tunapanga mstari siku mbili. Hata redio ya mwenyekiti, ndiyo nyingine pekee kijijini, imekaa bubu tangu mvua zianze. Joachim aliniandikia wakati wa Noeli akasema, mama vumilia, Pasaka nakuja na betri mpya, hizo ulizonazo zibane. Basi nikazibana. Nikawa naiwasha jioni kwa habari peke yake, watu wakinung'unika nawaambia kanunueni yenu.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo penyewe.

Katikati ya Kwaresima, Jumanne, nilizitoa betri zote nne nikazianika juu ya uchanja wa vyombo. Jua la masika unalijua, linachungulia na kujificha kama bibi arusi, kwa hiyo nikaziacha Jumatano, nikaziacha Alhamisi, nikasema zishike moto vizuri. Jumatano mchana jirani yangu Evarista akaja amebeba jembe begani.

"Mama, hebu tuwashie tusikie kama wanasema habari za mbolea."

"Redio imelala."

"Si uiamshe."

"Wewe ukilala mimi nakuja kukuamsha? Nenda kwako."

"Haya mama. Ikiamka utuite." Akaenda zake anacheka, na mimi nikarudi kuchambua maharage yangu.

Mshauri, saa ile ile tangazo lilikuwa linasomwa. Lilisomwa Jumatano mchana, likasomwa jioni, likasomwa Alhamisi asubuhi, katika matangazo ya vifo, kwamba Joachim amefariki Mbeya kwa homa ya siku tatu na mazishi ni Ijumaa, na mama yake mzazi, jina langu lote na la marehemu baba yake, popote alipo afike Ilomba haraka. Jina langu limesomwa nchi nzima. Wamelisikia watu wa Bukoba, wamelisikia watu wa Mtwara wasionijua. Nisiyelisikia ni mimi, nimekaa mlangoni kwangu na ungo, betri zinaota jua hatua tano kutoka nilipokaa.

Nilikuja kujua siku nane baadaye. Philbert wa hapa kwetu, anayepakia mizigo kwenye malori Iringa mjini, alitukuta kisimani wanawake watano. Akavua kofia.

"Pole sana, mama."

"Pole ya nini? Umeniona naumwa?"

Akaangalia wale wengine, wao wakamwangalia yeye. "Mama, twende nyumbani kwanza tukae."

"Mimi na wewe tukae tuna nini? Sema hapa hapa."

Alikataa kusema, yule kijana ana adabu, kwetu habari ya kifo mama haambiwi kisimani, inapitia kwa wazee. Mimi ndiye niliyemlazimisha mbele za watu mpaka akasema, "Mama, mimi nilijua umeshakwenda na kurudi. Jina lako si lilisomwa?"

Ndoo yangu niliijaza, nikaibeba, nikafika nayo nyumbani. Sikumwaga hata tone. Hilo waliliona wote.

Watu walipokuja kukaa na mimi matanga, wakauliza, mama redio unayo, hukusikia? Nikasema redio ilikuwa imelala. Evarista naye akasema ni kweli, nilikuja mwenyewe nikaambiwa imelala. Nikawaambia wazee wa ukoo. Wazee wakauliza, siku tatu nzima? Nikasema siku tatu nzima. Wakasema basi mke wa Joachim ametudharau, mambo ya redio ni ya kubahatisha, alipaswa kumtuma mtu kwa miguu yake. Sikuwakatalia. Mshauri, nilitikisa kichwa nikakubali.

Halafu nikaandika barua. Tangu nijue kuandika nilikuwa sijamwandikia mtu, hata Joachim nilikuwa namtumia salamu kwa mdomo wa watu kwa kuona haya ya herufi zangu. Barua yangu ya kwanza duniani nilimwandikia mke wa mwanangu nikamwambia, mmemzika mwanangu kama kuku aliyekufa kideri, bila mama yake kutupa udongo, na wewe usikanyage kwangu.

Roza ni mtoto wa Malimi, Msukuma aliyehamia na ng'ombe zake bonde la Usangu upande wa Madibira. Alipoletwa kwangu nilisema huyu wa kuchunga atajua nini kupika, akapika, nikanyamaza. Majibu yake yamekuja na Philbert. Amesema, "Shikamoo mama. Tangazo nililipeleka mimi mwenyewe, mtoto mgongoni. Mwili ulikungoja mpaka Ijumaa jioni, kila gari likisimama tulitoka kuangalia. Betri hizi nimezikuta kwenye begi lake, alikuwa amekwisha kukununulia. Baba yangu anasema, kama ukweni hawatutaki, mpunga ukishavunwa atakuja kutuchukua mimi na watoto twende kwake. Mimi nataka watoto wakujue. Tekla anauliza bibi mwenye redio yuko wapi."

Tekla ndiye mkubwa, ana miaka sita, mdogo wake ananyonya. Wakiingia kule kwenye ng'ombe nitawaona wapi tena mimi, na miguu hii? Baada ya Joachim sina mtoto mwingine. Nilizaa watano, wanne niliwazika nikiwa nimesimama hapo hapo na udongo mkononi.

Kwa hiyo ninachokuomba ni hiki. Wewe ni mtu wa gazeti, na mafundi unawafahamu. Niandikie gazetini kwamba redio ya betri inaweza kulala yenyewe siku tatu bila kuguswa na mtu, na ueleze namna ya kuitengeneza, ili nikate kipande hicho nimpelekee Roza na wazee wakione. Maneno yakiwa gazetini watu hawabishi. Tutapatana na mambo yatakwisha.

Habari ya kuanika betri nimekuambia wewe kwa sababu fundi lazima ajue yote. Evarista sikumwambia. Katekista wetu Kasian anajua nusu.

Betri mpya nne zimo kwenye kikapu cha mbegu, na karatasi aliyozifungia Joachim mwenyewe. Sijaziweka.

Ni mimi, mama mwenye redio.


MSHAURI ANAJIBU

Mama mwenye redio, shikamoo, na kwa salamu ya kwenu, kamwene. Herufi zako zinasomeka kuliko za mtu mmoja hapa ofisini anayelipwa kwa kuandika. Pole kwa Joachim. Ningekuwa karibu ningekuja kukaa nawe chini na nisiseme kitu, lakini umeniuliza, na majibu yangu hayatakufurahisha.

Nianze na redio. Barua yako nimeipeleka kwa fundi, nikamsomea yale ya redio tu. Amesema redio inayoanza kwa nguvu ikafifia, kisha ikapumzika na kusema tena, ina betri zilizochoka. Kuzianika kunazirudishia pumzi ya muda mfupi, kama mgonjwa anayekaa kitandani akaomba uji, watu wakadhani amepona. Usizisogeze jikoni kwenye moto, zitavimba na kutoa maji yatakayokula chuma. Usichanganye betri mpya na za zamani, zile nzee zitazinyonya changa. Fungua mfuniko uangalie vile vyuma na springi zinakogusa betri. Ukiona kutu au unga mweupe, kwangua kwa ncha ya kisu mpaka ving'ae, kisha ufute kwa kitambaa kikavu. Redio yako inaamka ukiipiga kofi au mlango ukifungwa, basi amesema karibu ni hakika kutu hiyo ipo, au kuna waya umelegea, na waya akauangalie fundi wa Iringa. Makofi acha.

Nimemuuliza pia lile ulilolitaka, kama redio inaweza kulala siku tatu yenyewe. Amesema betri zikiisha kabisa inaweza kulala hata mwaka. Kwa hiyo ningeweza kukuandikia. Siandiki, mama. Redio yako siku zile haikulala. Haikuwa na kitu tumboni, na aliyekitoa ni wewe, na unajua, ndiyo maana umetumia karatasi nne kunieleza wakati fundi alihitaji mistari mitano. Unataka gazeti likusemee uongo kwa mjane wa mwanao. Tafuta gazeti jingine.

Sasa usikie na upande wa pili, maana najua huko kijijini kwako hakuna wa kukuambia, umeshawafukuza wote barazani. Kuanika betri si kosa. Mwanao alikuambia uzibane ukazibana, alikuambia uzianike ukazianika. Mama aliyemtii mwanawe mpaka siku anakufa hana la kuulizwa. Wala betri hazikumuua Joachim, na zingekuwa ndani ya redio zisingemponya. Kama ungesikia Jumatano mchana, ukapata lori Alhamisi, ukapata basi Iringa, labda ungewahi Ijumaa jioni, labda ungekuta kaburi limeshafunikwa. Sijui. Sitakudanganya kwamba usingewahi ili ulale vizuri, na wewe usijidanganye kwamba ungewahi ili ujipige. Hilo limekwenda na Joachim.

Kosa lako ni lililofuata. Binti wa watu kafiwa na mume, kaweka mtoto mgongoni akaenda kulitangaza jina lako, kauchelewesha mwili akitoka nje kila gari likisimama, na wewe umemwita mzika kuku. Wazee walipomhukumu ulitikisa kichwa. Mama, ule mzigo ulikuwa wako, na wewe uliyebeba ndoo kutoka kisimani bila kumwaga tone ulikuwa na nguvu ya kuubeba. Ukamtwisha mwenye mtoto mgongoni.

Halafu huyo uliyemkataza kukanyaga kwako akakutumia betri. Dukani hakuna, Mbeya nzima zinatafutwa, angeziuza akanunua unga. Alikutumia. Unahitaji gazeti la nini tena?

Fanya hivi. Mpunga wa Usangu bado haujavunwa, una wiki chache, usizimalize kwa kusubiri. Kabla hujafunga safari mwite Evarista umwambie zile betri zilikuwa wapi siku ile. Atanuna, pengine atalia, maana na yeye ametoa ushahidi mbele za watu bila kujua. Umwombe aende nawe kwa wazee, ukaseme mbele yao kwa mdomo ule ule uliosema siku tatu nzima. Watakuona mdogo siku hiyo. Utaishi.

Kisha panda lori la Iringa, panda basi, shuka Mbeya, mwulize mtu akupeleke Ilomba. Usitangulize barua, kwa barua umeshaharibu vya kutosha. Ukifika, Roza atakupigia goti akusalimie, kwa sababu alilelewa. Mwinue kabla hujaitikia. Usianze na safari wala miguu inayouma. Mwambie, "Betri nilizitoa mimi. Nilikuwa nazianika. Nimekusingizia." Ni maneno machache, yafanyie mazoezi ndani ya basi, maana kwa mtu kama wewe yatakwama kooni kuliko mwiba wa samaki. Asipojibu siku hiyo, kaa. Akijibu vibaya, kaa. Malimi akija kuwachukua watoto akukute pale pale, mwambie na yeye. Mzee wa ng'ombe anamheshimu mtu anayekiri kosa lake, na kama hawezi, utakuwa umemnyang'anya sababu ya kuwachukua.

Kaburini mwende wote, Roza atangulie. Chota udongo wa pale juu, utupe. Umechelewa, lakini ni kaburi lile lile na mkono ni ule ule.

Redio nenda nayo. Na kile kikapu cha mbegu nenda nacho, karatasi usiifungue njiani. Ukishasema yako na Roza, mwite Tekla, mfungulie mfuniko, mwonyeshe ile kalamu ya baba yake, kichwa kiangalie huku, kitako kiangalie kule, umwachie aziweke mwenyewe zote nne. Iwashe mchana, watu wakiwepo, na majirani wa Ilomba wakitaka kukaa wakae. Mtoto akitaka nyimbo, wacha isikilizwe mpaka sauti ianze kushuka. Usinyooshe mkono kuzima.

Betri hununuliwa ziishe, mama. Hata yeye alizinunua ziishe.